Sifuri na Nafasi Tupu

(Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uuguzi na utabibu, Bukoba)

Marahaba, marahaba. Kaeni. Mwenye kiti kibovu asogee kwa jirani.

Nimeitwa niseme juu ya ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza. Muda niliopewa ni mfupi, kwa hiyo nitashika kitu kimoja: sifuri.

Nilipokuwa mratibu wa ufuatiliaji katika wilaya moja, kila Jumatatu nilipokea taarifa za wiki kutoka vituoni. Ilikuwapo zahanati, siitaji, ambayo wiki sita mfululizo safu ya kipindupindu ilikuja haina kitu. Nikajisemea, hawa wako salama. Siku nimefika na pikipiki, nakuta mganga mfawidhi yuko likizo, muuguzi yuko peke yake na foleni ya kina mama, na daftari la wagonjwa wa nje lina watu kumi na mmoja walioharisha maji kama ya kuoshea mchele, wote wa kitongoji kimoja cha mtoni. Hakuna aliyeficha. Hakukuwa na wa kuhesabu tu. Mimi ndiye niliyeona nafasi tupu nikaisoma sifuri.

Ukiandika sifuri umesema kwamba umefungua daftari, umepitia majina ya wiki nzima, hukumkuta mgonjwa. Ndiyo maana tunaidai hata wiki ambayo kituo kimelala. Najua mtandao unasumbua, na vocha mara nyingine mnanunua kwa fedha yenu. Hilo nimelipigia kelele vikaoni hadi nikachokwa.

Ila ipo sifuri ambayo mkiileta tutawafuata: ya kupooza kwa ghafla kwa watoto wa chini ya miaka 15. Watoto hupooza kwa sababu nyingi zisizo polio, hata katika nchi ambako polio imekwisha. Kwa hiyo kipimo cha kimataifa kinataka apatikane walau mtoto 1 wa namna hiyo kwa kila 100,000 kwa mwaka. Wilaya yenye watoto laki mbili ikileta sifuri mwaka mzima, haikuwatafuta. Pengine mtoto alipelekwa kwa mganga wa kienyeji au kwenye maombi, na hakuna aliyekwenda kuuliza huko. Nendeni mkaulize, tena kwa heshima, maana wale wazee wanaona wagonjwa kabla yenu.

Mkimpata mtoto aliyepooza, chukueni sampuli 2 za choo, zipishane walau saa 24, ndani ya siku 14 tangu kiungo kilegee. Wanafunzi hucheka nikisema choo kinasafiri na barafu kama sangara. Chekeni. Barafu ikiyeyuka njiani virusi vinaharibika, maabara inajibu haikuona kitu, na hiyo nayo inaingia kwenye hesabu kama sifuri.

Sasa nije kwetu, kata za Maruku na Kanyangereko. Machi 2023, kabla jina la Marburg, homa kali ya virusi inayoambukiza, halijatangazwa tarehe 21, serikali ilizungumzia ugonjwa usiojulikana: homa, kutapika, kutoka damu, watu wakifa. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, na wengine wanne wakawa wa familia yake. Taarifa ilitoka bila jina la ugonjwa, na ikatosha kuanza kazi. Walihesabika wagonjwa 9, wakafariki 6, mhudumu wa afya akiwamo. Tarehe 2 Juni ukatangazwa umekwisha.

Januari 2025 Marburg ikathibitishwa tena, Biharamulo. Waliohesabika 10 walifariki wote, wanane kati yao kabla maabara haijathibitisha. Hao wanane ndio wanaoninyima usingizi. Wafu wawili wa nyumba moja ndani ya wiki, hujui wameuawa na nini, hiyo peke yake ni taarifa. Usisubiri jina. Piga wilayani, ukikosa piga 199, ni bure.

Mtaogopa kuonekana wajinga. Miaka mingi nyuma kijana mmoja, mgeni kazini, alinipigia saa tano usiku: watu watatu wa nyumba moja wanatapika na kuharisha, mmoja amekufa, anadhani ni kipindupindu. Nikamwamsha dereva, nikamwamsha bosi wangu, tukapakia dripu na klorini, tukafika alfajiri na matope hadi magotini. Kumbe walipika uyoga, wakaokota na wenye sumu. Yule kijana alisimama mlangoni anatetemeka, anaomba radhi kwa mafuta ya gari ya serikali. Nikamwambia anipe chai, na wiki inayofuata akiona kitu anipigie tena saa hiyohiyo.

Alipiga. Safari hiyo kilikuwa kipindupindu kweli, na wagonjwa walikuwa bado wawili tu.