Uzi Nanunua Mimi: Kufumia Ndugu na Marafiki

Kamwene, mama zangu. Kamwene, dada zangu, na nyie kaka wawili mliokaa karibu na mlango.

Nimeombwa nizungumzie kufumia ndugu na marafiki. Kuna maneno ambayo kila mfumaji wa hapa Njombe ameshaambiwa, hasa Mei ikifika na baridi ikianza kupiga hodi: "Wifi, nifumie sweta bwana, uzi nanunua mimi."

(Kicheko.)

Mnacheka kwa sababu mnayajua. Na wifi anayasema kwa moyo safi kabisa. Kwa hesabu yake ameshalipa. Sweta si ni uzi?

Haya, tupige hesabu. Chukua sweta ya mtu mzima, sindano za milimita 4, uzi wa unene wa kati. Sentimita 10 za upana zinakula vitanzi kama 20, na sentimita 10 za urefu mistari kama 28. Kifua cha upana wa sentimita 50 ni vitanzi 100. Urefu wa sentimita 60 ni mistari 168. Kipande kimoja hicho, vitanzi 16,800. Mgongo vilevile. Weka na mikono miwili, unavuka 50,000. Sasa mfumaji wa vitanzi 30 kwa dakika, asiyenyanyuka, asiye na mtoto wa kulia wala ugali wa kuungua, atakaa karibu saa 28, na bado hajaunganisha vipande wala kugusa kola. Halafu wifi anakukuta njiani: "Vipi, bado tu?"

Na huo uzi anaununuaje? Madonge mawili leo, mengine mwezi ujao akipata hela. Isomeni ile karatasi inayozunguka donge. Kuna namba ya rangi, na kuna namba nyingine ya mkupuo, yaani madonge yaliyotiwa rangi kwa pamoja. Rangi ile ile ya mikupuo miwili, dukani huoni tofauti. Ukishafuma ndipo unaona kifua kimegawanyika, juu bluu hii, chini bluu ile. Lawama ni za fundi.

Mimi nasema, na najua wengine hamtakubali, kinachotuharibia ni bei ya undugu. Umemtoza shemeji nusu bei. Umefanya nini? Zawadi haiwi, maana umepokea hela. Kazi haiwi, maana umekula hasara. Yeye anajiona mteja, ana haki ya kukuharakisha na kusema mkono wa kushoto umezidi. Wewe unajiona umemfadhili, unangoja shukrani. Mnaachana kila mtu anamdai mwenzake. Ndiyo maana siku hizi nafuma kwa njia mbili tu: bure kabisa, nikiamua mwenyewe nani na lini, au kwa bei ile ile ninayomtajia mgeni asiyenijua hata jina.

Shangazi yangu mmoja alinuna nilipomtajia bei. Akaenda mnadani, akarudi na sweta ya mtumba, nzuri, sufu tupu, kwa hela isiyofika hata gharama ya uzi wangu. Sikumlaumu. Mtumba siuwezi kwa bei na wala sijaribu. Tena mimi mwenyewe ni mteja wake: nanunua sweta kubwa kubwa, nazifumua, napata uzi mzuri ambao dukani huku hauonekani. Ila kabla hujalipa, igeuze ndani nje utazame ubavuni. Ukikuta vipande viwili vimeshikizwa kwa uzi wa pembeni, kata uzi huo, sweta itafumuka mstari kwa mstari mpaka mwisho. Ukikuta ovaloki, ule mshono wa nyuzi nyingi unaozungushia ukingo uliokatwa, irudishe. Hiyo ilikatwa kwa mkasi, utaambulia vipande vya uzi vifupi vifupi.

Wa bure nao wana mambo yao. Rafiki yako akijifungua, mfumie kwa akriliki, yaani uzi wa kutengenezwa kiwandani, hata kama roho inataka sufu. Unyuzi wa sufu una magamba madogo sana. Ukiuloweka maji ya moto na kuufikicha, magamba yanashikana na hayaachani tena, na sweta ya mtoto wa mwaka inamtosha mwanasesere. Mama mwenye kichanga hana muda wa kufua kwa masharti yako. Na fuma ya saizi ya miezi sita, yenye vifungo shingoni, kwa sababu kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliko tunavyokikumbuka.

Kuhusu wachumba nitapita haraka. Wafumaji wa Ulaya na Marekani wana imani kwamba ukimfumia mchumba sweta kabla ya ndoa, mtaachana. Siamini uchawi wa sindano. Ila zile saa 28 ukizifuma jioni jioni ni miezi, na uchumba mwingine hauna miezi. Mwanzie kofia.

Ehe, dada wa kanga ya njano, uliza.

(Swali: Mama mkwe wangu nilimfumia sweta, nikaja kuiona kwa mtoto wa jirani yake. Nimwambie?)

Inavaliwa? Inavaliwa. Basi usimwambie kitu. Ulishaitoa, na yeye kaitoa, ana haki hiyo. Lakini safari ijayo, kabla hujashika sindano, muulize anapenda rangi gani, na kama anahitaji sweta kweli au angependelea soksi. Wazee wengi wa huku wanalalamika miguu.