Daktari wa ngozi kwa kadi ya kawaida Ujerumani: haya, nimejibu

Haya jamani, habari za huko. Leo sipiki wala sitembei, nimekaa tu na mikono yangu, na kamera nimeisogeza makusudi. Kila nikiweka video swali ni lilelile: dada, mikono imefanya nini, na kama huko kuna bima, mbona huendi hospitali? Wengine hamuulizi, mnanicheka. Kuna aliyeandika, "Ulaya imemkataa mpaka ngozi." Nilicheka, halafu nikalia kidogo.

Kabla hamjaanza: sijisifu kwamba nina bima, na situkani nchi ya watu. Hiyo bima nailipia. Ni asilimia 14.6 ya mshahara, pamoja na nyongeza ambayo kila Kasse, yaani mfuko wa bima ya umma, inajipangia, nusu mwajiri, nusu mimi, na inakatwa juu kwa juu. Nikilalamika, nalalamikia hela yangu.

Mimi muuguzi, mnajua. Kunawa na spiriti, kunawa na spiriti, zamu nzima. Oktoba vidole vikaanza kupasuka, ile pumu ya ngozi. Nikaingia mtandaoni kutafuta Termin, yaani miadi ya daktari. Wanakuuliza mapema kabisa: gesetzlich au privat, yaani bima ya umma au ya binafsi? Nikabonyeza gesetzlich, ndiyo yetu sisi wengi, kama watu tisa kati ya kumi nchi hii. Hakuna nafasi mpaka Machi. Nikasema hebu nione, nikabonyeza privat. Kliniki ileile, daktari yuleyule: Alhamisi. Alhamisi hiihii! Nilibaki naangalia simu kama mtu aliyefumania.

Nimeshaelezwa sababu. Wa privat analipiwa kila anachofanyiwa, na kwa bei ya juu. Sisi wa Kasse, sehemu kubwa ya malipo ni kiasi cha mkupuo kwa miezi mitatu, uje mara moja uje mara nne. Ningekuwa daktari sijui ningefanyaje. Lakini vidole vilikuwa vinatoka damu.

Nikapiga simu kliniki kumi na moja. Hatupokei wapya, hatupokei wapya. Moja ikasema njoo kama Selbstzahler, yaani toa mfukoni. Nikatoa euro 90 kwa dakika sita. Daktari akaangalia, akasema haoni wekundu, kwa hiyo si kali. Jamani, wekundu kwenye ngozi hii utokee wapi? Sisi ukurutu unaweka weusi, unaweka kijivu, ngozi inakuwa nene kama gome. Hilo liliniuma kuliko hizo tisini, na tisini ziliniuma, maana wiki ileile mtu wa nyumbani aliniomba ada, nikamwambia sina, akanijibu "sawa mzungu." Tuyaache.

Yaliyonisaidia ni haya, na nasema mimi: mji wangu, Kasse yangu. Usije kesho ukasema nimekudanganya.

Kuna namba ya simu 116117, ya kutafutiwa Termin. Kwanza nenda kwa Hausarzt wako, daktari wako wa kawaida, akupe rufaa, Überweisung, na hakikisha imebandikwa ile namba ya uharaka, tarakimu na herufi 12. Mimi mara ya kwanza nilipewa rufaa tupu, ikabidi nirudi kuomba, na kuomba kwa Kijerumani changu kile ni shughuli. Ukiwa nayo wanatakiwa wakutafutie Termin ndani ya wiki nne. Daktari huchagui. Wangu alikuwa mji mwingine, treni mbili.

Kabla ya hapo nilijaribu offene Sprechstunde, saa za kwenda bila miadi. Tangu 2019 sheria inawataka madaktari wa ngozi wa Kasse watenge angalau saa 5 kwa wiki kwa wasio na Termin. Ulizia siku, usisubiri kutangaziwa. Nilifika saa moja na dakika kumi, mlango unafunguliwa saa mbili, nikakuta foleni imeshakunja kona, bibi wa mbele na chupa yake ya chai. Sikufikiwa.

Basi, yule wa treni mbili. Hakuanza na mikono, alianza na swali: unafanya kazi gani? Nilipomjibu akaweka kalamu chini. Akaniambia huu unaweza kuwa ugonjwa wa kazini, akaandika Hautarztbericht, ripoti ya daktari wa ngozi, kwenda Berufsgenossenschaft, ile bima ya ajali na magonjwa ya kazini ambayo waajiri peke yao ndio wanaichangia. Sasa hivi matibabu yako huko, na dawa silipii hata senti, wakati mwanzoni kila dawa ya cheti ilikuwa inaanzia euro 5. Miezi mitatu nahangaika na Kasse! Hata kazini hakuna aliyeninong'oneza, na ubao wetu wa matangazo umejaa makaratasi ya kutenganisha takataka.

Si kwamba yameisha. Wameniletea fomu. Wanataka kujua nyumbani naoshea sabuni gani, glavu za aina gani, na kama utotoni niliwahi kuugua ngozi. Nikampigia mama. Mama akasema, "Ulijikuna, nikakupaka mafuta ya nazi, ukanyamaza." Mwenye Kijerumani kizuri aniandikie hiyo hapo chini. Mimi zamu yangu inaanza saa tatu usiku, na bado sijapaka mafuta.