Kabla ya Kushika Tezo: Jinsi ya Kuona Kilichomo Kwenye Kipande cha Mpingo

Haya wadau, karibuni kibandani. Leo hatuchongi, leo tunatazama tu. Msicheke, kazi kubwa iko hapo.

Chagua kipande kikavu. Mimi napenda cha shinani, mizizi inapoanzia, au chenye vifundo vingi. Gogo lililonyooka halina habari, utalitazama mpaka jioni unaona gogo. Toa maganda, futa udongo, hayo mnayajua. Twende.

Funga dirisha, washa tochi. Usimulike kutoka juu! Ilaze ubavuni, mwanga uparaze juu ya mti. Dogo, sogeza kamera. Sogea. Si mimi, mti! Mnaona? Kifundo kimeshika kivuli, chini yake ufa umekaa kimdomo-mdomo. Tayari ni mtu. Mwaka 1976 chombo cha anga cha Viking 1 kilipiga picha kilima kimoja huko kwenye sayari ya Mirihi, jua likiwa chini upande mmoja, na watu wakaona uso unawatazama. Mwaka 2001 ikapatikana picha kali zaidi: kilima tu, hakuna mtu. Uso ule ulikuwa kivuli. Basi tochi ndiyo kalamu yako, isogeze taratibu, kila pembe ina mtu wake.

Ngoja, ngoja... hebu oneni kioo cha simu. Kile kisanduku cha kutafuta sura kimetua juu ya mti! Simu nayo imemwona. Hii siikati, inabaki.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Usichore jicho. Najua mkono unawasha na chaki iko mfukoni, lakini usichore jicho. Ukishaliweka, kipande kimefungwa. Hata ukikigeuza utaona uso uleule umepinduka, na yule ndege wa mgongoni hutamwona tena. Hata mtoto mchanga hukigeukia kitu chenye umbo la uso, ndivyo tulivyo. Kwa hiyo uso utakuja wa kwanza kila mara, na kila mchongaji atauona huohuo. Mwache apite.

Geuza, juu iwe chini. Naona shingo ndefu, na hapa... mbuni? Hapana, mwanamke kabeba mzigo. Dogo anasema kobe. Kobe wa wapi wewe? Aah. Haya, kobe yupo.

Kabla hujampenda sana huyo mwanamke, pima nyufa. Pitisha kitambaa kibichi, subiri kidogo. Mti unakauka, ufa unabaki na mstari wa unyevu. Huu hapa, umekata shingoni kabisa! Basi shingo tunaihamishia huku. Usipange kiungo chembamba juu ya ufa, patasi itakuachia vipande viwili.

Sasa chaki. Chaki, si kalamu ya wino, maana utafuta sana. Anza na mgongo, mstari mmoja mrefu ukifuata nyuzi za mti. Halafu mzigo, halafu mguu. Jicho? Bado! Nimesema bado. Ile sehemu nyeupe ya nje mimi naiacha iwe kilemba, wengine wanaitoa yote ibaki nyeusi tupu. Shauri lako.

Wamakonde wana mtindo wa shetani, ambao mchongaji Samaki Likankoa anatajwa kuuanzisha: viungo vimepotoka, lakini bado unaona kiumbe. Halafu kuna mtindo wa mawingu. Hapo mchongaji hakwambii kitu, unamalizia mwenyewe. Mimi ni wa mawingu. Mteja mmoja akiona samaki, mwingine akaona mama na mwana, wote wawili ni wateja.

Kukata ni video ijayo, na njooni na barakoa, vumbi la mpingo linawasha. Jicho tutaliweka mwisho kabisa, baada ya msasa. Vipande vikavu vya shinani ninavyo, nimevipaka nta kwenye ncha visipasuke njiani, niandikieni. Na mwambieni Dogo mmeona nini hapa. Akipata hata mmoja wa kobe, soda juu yangu.