Namba Haivuki Kitu: Kukokotoa Mlinganyo Hatua kwa Hatua

Walimu wenzangu, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie milinganyo sahili, na najua wapo wanaojiuliza: somo hili tunalifundisha kila mwaka, lina jipya gani? Jipya halipo. Nina lalamiko moja tu, nalo ni ile kauli yetu ya ubaoni: "Namba ikivuka alama ya sawasawa, inabadilika." Mtoto anafuata, anapata vema, tunasonga mbele. Muulize kwa nini jumlisha imegeuka kutoa. Atakwambia mwalimu ndivyo alivyosema.

Namba haivuki kitu, jamani. Tuandike huu:

5x − 3(x − 2) = 20

Tuanze na mabano. Hasi 3 mara x ni hasi 3x. Hasi 3 mara hasi 2 ni chanya 6. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: mtoto anazidisha kwa 3, ile hasi iliyotangulia anaisahau, anaandika kutoa 6. Sisi tunapata:

5x − 3x + 6 = 20
2x + 6 = 20

Sasa tunataka x ibaki peke yake, kwa hiyo 6 iondoke. Tunaitoa kushoto. Na kwa kuwa pande hizi ni sawa, ukitoa 6 kushoto, sharti utoe 6 kulia, usawa usivunjike. Mwacheni mtoto auandike mstari huu mzima, msimharakishe:

2x + 6 − 6 = 20 − 6
2x = 14

Ile kutoa 6 ya upande wa kulia ndiyo inayodhaniwa imevuka. Tukigawanya pande zote kwa 2, x = 7.

Je, tumemaliza? Bado. Rudisha 7 kwenye mlinganyo wa mwanzo: 35 kutoa 3 mara 5, yaani 35 kutoa 15. Ni 20, safi. Yule aliyesahau hasi atapata 2x = 26, x = 13. Akiirudisha, 65 kutoa 33 ni 32, na hapo atajua pameharibika mahali bila kusubiri kalamu yetu nyekundu. Mimi ningetenga alama za kuhakiki kabisa kwenye mtihani, ila mitihani situngi mimi.

Kwenye sehemu, nawaletea hesabu ya kizee. Mwandishi wa Misri ya kale, Ahmose, aliinakili kwenye mafunjo, yaani karatasi za matete, mnamo mwaka 1550 hivi kabla ya Kristo: kiasi fulani, ukikiongezea sehemu yake ya saba, unapata 19.

x + x/7 = 19

Zidisha kila kitu kwa 7, na nikisema kila kitu nataka na ile 19, maana ndiyo inayosahauliwa:

7x + x = 133
8x = 133
x = 16⅝

Ahmose hakuwa na x, wala alama ya sawasawa. Alama hiyo ilikuja kuchapishwa na mwanahisabati Robert Recorde mwaka 1557. Ahmose alikisia 7, ili sehemu ya saba isimsumbue. 7 na 1 ni 8. Lakini alitaka 19, basi akatafuta 8 izidishwe mara ngapi ifike 19, kisha akaizidisha 7 mara hizo hizo. Jibu ni lile lile. Kwa hiyo mwanafunzi anayeanza kwa kukisia msimfokee. Mwonyesheni tu mahali mbinu hiyo inapogoma: kwenye 2x + 6 = 20 haifui dafu, kwa sababu ile 6 haikui pamoja na x.

Nawaachia nyingine ya mafunjo yale yale: kiasi fulani na nusu yake ni 16. Ikokotoeni kwa njia zote mbili, ya x na ya Ahmose, na kila mstari uonekane. Mkimaliza mbadilishane madaftari na jirani. Atakayeandika "imevuka" nitamwita mbele aje atuonyeshe ilipopitia.