Dawa Isiyoandikwa: Oksijeni Mikononi mwa Muuguzi

Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi wadogo zangu wa mwaka wa pili mliojazana nyuma, sogeeni, viti vya mbele haviumi.

Kuna muuguzi hapa anayeweza kumchoma mgonjwa gentamaisini bila kuandika amempa miligramu ngapi na saa ngapi? Hayupo. Haya, nani hajawahi kumvisha mgonjwa barakoa, akafungua mtungi wa oksijeni na kuondoka bila kuandika lita? Mbona mmenyamaza? Basi ninyoshe mkono mimi.

Oksijeni imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2017 orodha hiyo ilitaja wazi kwamba ni ya kumtibu mtu aliyepungukiwa oksijeni mwilini, si ya chumba cha upasuaji peke yake. Kama ni dawa, ina dozi, na ikizidi inadhuru. Hilo la kuzidi ndilo lililonileta.

Nilipokuwa bado mgeni kazini, usiku mmoja tulipokea mzee aliyevuta sigara tangu ujana, mapafu yamechoka, anahema kwa mabega. Nikamvisha barakoa, lita 10 kwa dakika. Kipimo cha kidoleni, kile kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu, kikapanda hadi 100, na mimi roho ikatulia. Saa nane usiku nikapita, amelala. Saa kumi nikapita, amelala fofofo. Nikamwambia mwenzangu, "Leo mzee kapata usingizi." Kulipokucha daktari akamtikisa, haamki.

Haukuwa usingizi. Baadhi ya wenye ugonjwa sugu wa mapafu, ukiwapa oksijeni nyingi mno, kabonidayoksaidi hujikusanya kwenye damu mpaka inawalevya. Na kipimo cha kidoleni hakioni kabonidayoksaidi, kinaona oksijeni tu. Tulimsaidia kupumua kwa mfuko wa mkono, tukamshushia oksijeni. Mchana akafumbua macho, akaulizia chai. Nilikwenda kulia chooni.

Mgonjwa kama yule tunamlenga 88 hadi 92. Mahututi wengine wengi, 94 hadi 98. Ukiona 100 na mgonjwa yuko kwenye oksijeni, usishangilie: namba hiyo haipandi zaidi, kwa hiyo haikuambii umemzidishia kiasi gani. Punguza kidogo, kaa naye, angalia. Tumefundishwa sana kufungua. Kupunguza tunamwachia daktari wa raundi ya asubuhi.

Vifaa mnavijua, nitapita haraka. Mirija ya puani, lita 1 hadi 5. Barakoa ya kawaida isishuke chini ya lita 5, la sivyo anavuta tena pumzi aliyoitoa. Barakoa yenye mfuko, lita 10 hadi 15, na mfuko ujae kwanza ndipo umvishe. Ukiuona unanywea kabisa kila akivuta, ongeza. Nimeshaona mfuko umelala kifuani kama soksi tupu, na chati imeandikwa "yuko kwenye oksijeni".

Sasa kidole. Mama ametoka harusini, kucha zake zina piko nyeusi tii. Hapo jaribu ndewe ya sikio. Vidole vikiwa baridi kwa sababu presha imeshuka, usiiamini namba. Aliyelala na jiko la mkaa chumba kimefungwa anaweza kukusomea 98 huku sumu ya moshi inammaliza. Huyo mpe oksijeni nyingi bila kusubiri kipimo. Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna letu: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kipimo hiki kiliwakosea wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko weupe, kikisema oksijeni inatosha kumbe haitoshi. Kwa hiyo hesabu pumzi. Dakika nzima, si sekunde 15 mara nne.

Ndugu nao wana hofu yao: "Akishawekewa gesi, huyo harudi." Wengine huivua barakoa ukigeuka. Msiwafokee. Wamewaona wengi wakifa nayo usoni kwa sababu tuliwawekea wamechelewa. Mketishe ndugu, mwonyeshe namba kabla na baada, mwambie tutaipunguza lini.

La mwisho ni mtungi. Ule mkubwa ukijaa una lita 6,800 hivi. Mgonjwa wa lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 na dakika chache; zamu ya usiku ni saa 12. Geji ikisoma nusu, huna hata saa 6. Hesabu hiyo ifanyike mnapokabidhiana zamu, si filimbi ya hewa inapokatika saa tisa usiku na mwenye ufunguo wa stoo yuko kwake.

Nimekuja na flomita hii, kifaa cha kupimia lita za oksijeni zinazotoka mtungini. Gololi inasomwa katikati yake, si juu wala chini, na jicho lako liwe usawa wake. Wewe wa shati la bluu, njoo uniwekee lita 2, halafu mwenzako asome bila kukuuliza.