Hapa Panauzwa Nini?

ZUHURA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Mimi ni Zuhura, na hapa pembeni yupo Fadhili, ambaye leo ana kesi ya kujibu, kesi ya mapambo.

FADHILI: Shikamoo dada Zuhura.

ZUHURA: Marahaba. Shikamoo haikuokoi. Waeleze.

FADHILI: Jamani, nimehamia chumba na sebule pale Sinza. Nikasema safari hii naishi kama mtu. Nikaenda Kariakoo mara tatu. Nikarudi na maua ya plastiki, taa za kubadilika rangi zile za kubandika ukutani, vipepeo vya kubandika, saa kubwa ya rangi ya dhahabu na vitambaa vya makochi vyenye nakshi. Mama akaja kutoka Morogoro. Akasimama mlangoni, mkoba bado begani, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniuliza: "Mwanangu, hapa panauzwa nini?"

ZUHURA: [anacheka] Mama amemaliza kipindi. Tuage tu.

FADHILI: Lakini dada, kila kimoja kilikuwa kizuri nilipokinunua!

ZUHURA: Kilikuwa kizuri kwa sababu muuzaji alikichomoa kwenye rundo, akakiinua juu, akakigeuza-geuza mbele ya macho yako. Ulikiona peke yake. Wewe ukakibeba ukaenda kukirudisha kwenye rundo, ila safari hii rundo ni lako.

FADHILI: Haya, sasa niambie nyie watu wa pwani. Mbona nimeona picha za nyumba za zamani za Lamu, ukuta mzima umejaa zidaka? Vishimo vimepangwa kutoka chini hadi juu, kila kimoja na nakshi yake. Hilo si rundo?

ZUHURA: Swali zuri, na mie nalipenda. Kwanza elewa kwa nini vipo. Zile nyumba za mawe za karne ya 18, dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Mti wa mkoko una urefu wake, hauunyooshi ukitaka. Kwa hiyo chumba upana wake hauzidi kama mita tatu. Unapata vyumba virefu, vyembamba, vimefuatana kimoja nyuma ya kingine, na kadiri unavyoingia ndani mwanga unapungua.

FADHILI: Kama korido.

ZUHURA: Kama korido. Sasa fundi akifika kwenye ule ukuta wa ndani kabisa anauchimba zidaka kwa chokaa, na jicho linapata pa kuingia. Chumba kinaonekana kirefu zaidi. Ndani ya kidaka kunawekwa bakuli la kaure kutoka Uchina, au kitabu, au hakuwekwi kitu. Na vingine ni vidogo hata kikombe hakikai.

FADHILI: Kwa hiyo ni pambo la kutowekea kitu?

ZUHURA: Kivuli chenyewe ndicho pambo. Halafu angalia: ni chokaa nyeupe juu ya chokaa nyeupe. Wingi wake ni wa vivuli, si wa rangi. Bakuli moja la buluu na nyeupe pale katikati, basi, limekuita tangu uko mlangoni. Na wazee walikuwa na lao: walisema kijicho cha hasidi kikiingia kitatua kwenye bakuli. Bakuli litapasuka, watu wa nyumba wasalimike.

FADHILI: Mimi mwenye vipepeo vya karatasi sina ulinzi wowote.

ZUHURA: Hasidi akiingia kwako atachoka kabla hajachagua pa kuangalia. [kicheko]

FADHILI: Tuje mwilini basi, maana na huko nina kesi ya pili. Mwaka jana nilialikwa harusi Unguja. Nikavaa kanzu nyeupe safi, na kofia niliyopewa zawadi, ile ya kushonwa kwa mkono. Kabla ya safari nikaifua, nikaitundika kwenye msumari. Siku ya harusi ikanikaa juu ya kichwa kama kifuniko cha chupa. Picha zote nimeinama.

ZUHURA: Subhanallah. Uliitundika kwenye msumari? Kofia ya kushonwa kwa mkono?

FADHILI: Nilijua?

ZUHURA: Wasikilizaji, sikilizeni niwaambie kazi iliyomo mle. Kofia ni vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni. Mtu anachora ua kwenye kitambaa. Mwingine anatoboa vitundu kufuata mchoro, kila kitundu anakizungushia uzi kwa sindano, kimoja kimoja, mamia kwa mamia. Akina mama wengi Unguja na Pemba wanashona baada ya kazi za nyumbani, na kofia moja nzuri inaweza kula wiki kadhaa, hata miezi. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, tunaiita bulibuli. Mtu wa mbali anaona weupe tu. Ukimkaribia kusalimiana naye ndipo unaona maua.

FADHILI: Tena nyeupe juu ya nyeupe.

ZUHURA: Umeona? Na vile vitundu vinapitisha hewa, kichwa hakichemki. Sasa kuifua: unaifua taratibu kwa mkono, unaitia wanga, halafu unaivisha kwenye faruma ikaukie humo. Faruma ni gogo la mti lililochongwa kwa umbo la kofia. Asiye nalo anatafuta bakuli la kipimo hicho hicho, analifunika kofia juu yake. Msumari, Fadhili! Hata paka hawezi kuifanyia hivyo.

FADHILI: Na dada zetu je? Maana upande wa kofia nimeshahukumiwa.

ZUHURA: Kwa wanawake mie nitasema kanga tu, maana ndipo watu wanapokosea sana. Kanga ina pindo, ina mji pale katikati, na ina jina, yale maandishi. Ni vazi linalosema. Ukishajitanda, jina linakaa kwa chini, mgongoni au kwenye nyonga. Sasa mtu anajitanda kanga yenye jina zuri la kumchoma jirani, halafu anatundika begani mkoba mkubwa kama wa safari. Jina limefunikwa! Jirani kapita, kasalimia, kaenda zake, hajui kama kasemwa.

FADHILI: [anacheka] Hasara ya doti nzima.

ZUHURA: Kanga ikisema, vitu vingine vinyamaze. Kipini puani, bangili mbili zinazogongana ukinyoosha mkono, inatosha. Mkufu mzito weka siku ya dira la rangi moja, siku hiyo nao upate nafasi ya kuongea. Na wale wa kulinganisha kila kitu, viatu vyekundu, mkoba mwekundu, hereni nyekundu, mtandio mwekundu... mie hunikumbusha sare ya shule. Lakini hilo ni langu, msinitumie ujumbe.

FADHILI: Watatuma tu. Dada, pambo gani wewe hulikosi?

ZUHURA: Kikuba. Asumini unazichuma alasiri, bado vichipukizi vimefumba, unazitunga na rihani, unabana kwenye nguo au nywele. Jioni zinaanza kufumbuka ukiwa umeshavaa. Mtu hajakuona, kashajua umefika. Ukirudi unazitupia kwenye mto. Asubuhi zimekuwa za kahawia, unazifagia.

FADHILI: Hazigharimu kitu?

ZUHURA: Zinataka mti uani tu, au jirani mwenye mti. Ndiyo maana kwenye kanga tuangalie nani tunamsema.

FADHILI: Haya, hukumu. Nitoe nini pale Sinza?

ZUHURA: Leo toa vyote, viweke chini ya kitanda. Kaa na ukuta mtupu siku mbili tatu. Kitakachokujia akilini chenyewe bila kukitafuta, hicho kirudishe, kimoja.

FADHILI: Saa ya dhahabu?

ZUHURA: Inasema saa ngapi?

FADHILI: Imesimama toka wiki ya pili.

ZUHURA: Fadhili!

FADHILI: Na kofia yangu? Kuna namna ya kuiokoa?

ZUHURA: Iloweke, uivute polepole ingali mbichi, halafu faruma nitakuazima. Ikikataa, dada yako ana mtoto wa kiume?

FADHILI: Anaye, ana miaka sita.

ZUHURA: Basi Idi yake imeshapata kofia.