Bei ya Kusema Ukweli: Maandalizi ya Janga Yanakwama Wapi

Mabibi na mabwana, wahamasishaji wa afya ya jamii kutoka mitaa ya Nairobi ya Mathare, Mukuru, Kawangware na Kibera, viongozi wetu wa dini, maafisa wa kaunti, hamjambo. Asanteni kwa kuitikia mwito, hasa nyinyi mliofunga biashara mapema ili mfike hapa.

Nitaanza na hesabu. Turudi Aprili 2020, Korona ikiwa imeingia Kenya. Tuseme kibarua wa mjengo amepanga chumba kimoja cha mabati Mukuru kwa Njenga, na ndani wanaishi watu watano. Ameamka na kikohozi, mwili unachemka. Redioni amesikia kwamba mwenye dalili za Korona apige 719, na simu hiyo ni ya bure. Kabla hajabonyeza nambari anajiuliza swali moja: nikipiga, nini kitafuata?

Wakati huo karantini ya lazima katika vituo vya serikali ilitozwa shilingi 2,000 kwa siku, na mlipaji ni yule yule aliyewekwa ndani. Siku 14 ni shilingi 28,000. Waliotangamana naye nao hupelekwa, kwa hiyo zidisha mara tano: 140,000. Mtu anayelipwa 500 kwa siku itambidi afanye kazi siku 280, asile, asilipe kodi, ndipo amalize deni hilo. Na hata hizo siku 14 hazikuwa za uhakika, maana katika baadhi ya vituo mmoja alipopatikana na virusi, wenzake walianza kuhesabu upya. Juu ya hayo, watu waliokamatwa wakivunja kafyu walipelekwa karantini pia. Chombo cha tiba kikawa chombo cha adhabu, na mtaa mzima uliona.

Ada katika vituo vya serikali iliondolewa Mei 2020, na ilikuwa haki kuiondoa. Lakini kufikia hapo zilikuwa zimepita wiki sita, na katika wiki sita watu wanajifunza mengi. Walijifunza kukohoa kimya kimya. Walijifunza kunywa dawa za kutuliza homa kabla ya kupita penye kipimajoto. Mtu akiulizwa amekutana na nani, anataja majina mawili na kuficha kumi, na wale kumi anawaficha kwa mapenzi kabisa: hataki jirani yake afilisike kwa sababu yake.

Hilo ndilo ninalotaka tulitazame jioni hii. Kila mfumo wa kugundua ugonjwa, uwe na maabara za kisasa kiasi gani, unaanzia kwa mtu mmoja anayefungua mdomo. Wataalamu siku hizi wanatumia kipimo kiitwacho 7-1-7: siku 7 za kugundua mlipuko tangu uanze, siku 1 ya kuarifu mamlaka, siku 7 za kukamilisha hatua za kwanza za kuukabili. Ile 7 ya kwanza iko mikononi mwa mgonjwa, mama mboga aliyemwona akiyumba, na mwenye duka la dawa aliyemuuzia vidonge. Tukipandisha bei ya kusema ukweli, 7 inakuwa 30, na pesa zote zilizomwagwa kwenye maabara zinafika zimechelewa.

Oktoba 2019, miezi michache kabla ya Korona, ilitolewa orodha ya dunia ya nchi zilizo tayari kwa janga. Marekani ilikuwa ya kwanza, Uingereza ya pili. Sote tunajua yaliyozikuta nchi hizo mbili. Mwaka 2022 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa nchi 177, na alama za maandalizi kwenye orodha kama hizo hazikuonyesha uhusiano wa maana na idadi ya walioambukizwa. Kilichoonyesha uhusiano ni imani: imani ya watu kwa serikali yao, na imani ya watu wao kwa wao. Palipokuwa na imani zaidi maambukizi yalikuwa machache, na katika nchi ambako chanjo zilipatikana, waliochanjwa walikuwa wengi. Hii ya watu wao kwa wao tunaisahau sana. Jirani akikushuku, atakuchongea au atakukimbia, na vyote viwili vinamfanya mgonjwa ajifiche.

Sasa tuzungumze juu ya mazishi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo imani huvunjika kwa kishindo.

Aprili 2020, huko Siaya, mtu alizikwa usiku. Video ilisambaa nchi nzima: watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga, kaburi la kina kifupi, maiti ndani ya mfuko bila jeneza, familia imesimama mbali inalia. Kwa jamii yoyote ya Kenya hiyo ni fedheha inayosimuliwa kwa wajukuu. Sasa sikilizeni jambo hili. Machi 24, yaani wiki kadhaa kabla ya mazishi hayo, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwongozo unaosema hakuna ushahidi wa mtu kuambukizwa Korona na maiti, kwamba mfuko si lazima, na kwamba hakuna haja ya kuzika haraka haraka. Kwa hiyo fedheha ile haikumlinda mtu yeyote. Ilichofanya ni kuwaambia wote walioitazama: mzee wako akipelekwa hospitali, hivi ndivyo atakavyorudi. Baada ya hapo ungemshawishije mtu ampeleke mzee hospitalini?

Sisemi maiti zote ni salama. Ebola na Marburg ni mambo mengine. Maiti ya Ebola inaambukiza vibaya mno, na kule Guinea, Liberia na Sierra Leone, ambako zaidi ya watu 11,000 walikufa kati ya 2014 na 2016, kuosha na kugusa maiti kulieneza ugonjwa kijiji hadi kijiji. Mwanzoni timu zilikuwa zinachukua maiti na kuondoka. Watu wakaanza kuzika kwa siri. Novemba 2014 utaratibu ulibadilishwa, ukaandikwa pamoja na viongozi wa Kiislamu na Kikristo, na ni huo ninaotaka kila wadi ya Nairobi iwe nao leo, kabla ya haja.

Unakwenda hivi. Timu inafika ikiwa na nguo za kawaida. Hakuna anayeshuka garini akiwa amevaa kama mtu wa anga za juu. Kwanza wanatoa pole, wanauliza nani anasema kwa niaba ya familia, wanaeleza watakachofanya hatua kwa hatua, kisha wanauliza: ni jambo gani kwenu haliwezi kuachwa? Hawagusi chochote hadi familia ikubali. Wanavaa mavazi ya kujikinga hapo hapo, familia ikiwatazama, ili sura ya mtu ionekane kabla haijafunikwa. Ndugu wanaotaka kushuhudia wanasimama kwa umbali salama. Kwa Mwislamu, maji hayatumiki, lakini tayamamu inawezekana: aliyefunzwa, akiwa na glavu, anapiga viganja kwenye mchanga safi au jiwe na kupangusa kwa upole, na ikiwa maiti imeshafungwa basi anapangusa juu ya mfuko. Sanda nyeupe inazungushwa nje ya mfuko na kufungwa ncha zote mbili. Kwa Mkristo, padri au mchungaji anasoma sala pale pale. Ndugu ndio wanaochimba kaburi ikiwa wanataka, na jina linaandikwa.

Kinachoharibika mara nyingi ni kitu kidogo. Dereva anapiga honi. Mtu wa timu anapulizia dawa mlango mzima huku watoto wa nyumba wanatazama, na kuanzia siku hiyo hakuna anayecheza na watoto hao. Au timu inakuja bila mtu anayesema lugha ya familia. Mambo haya hayagharimu pesa kuyarekebisha, yanahitaji mazoezi. Timu ambayo haijafanya zoezi hata mara mbili kwa mwaka itakosea siku ya msiba.

Kuna hasara nyingine nitazitaja upesi kwa sababu mnazikumbuka. Siku chache baada ya kafyu kuanza Machi 27, 2020, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi Kiamaiko akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Mei mwaka huo, huku kila tangazo likisema kaa nyumbani, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kariobangi. Kisha kukaja sakata ya ununuzi wa KEMSA, shirika la serikali linalonunua dawa na vifaa vya tiba, shilingi bilioni 7.8 zikakaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na Desemba madaktari na wauguzi wakagoma wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Mwananchi anaunganisha mambo haya mwenyewe. Akiona muuguzi hana barakoa, anajua kitakachompata yeye.

Imani iliyovunjwa na jambo moja huathiri jingine. Mwaka 2014 maaskofu wa Kikatoliki walidai chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ina homoni ya kuzuia uzazi. Wizara na mashirika ya Umoja wa Mataifa walikanusha, na kukazuka mabishano kuhusu sampuli na jinsi zilivyopimwa. Funzo langu hapo ni la kiufundi kabisa: pande zote zilipaswa kukubaliana mapema, kabla ya ugomvi, ni nani anachukua sampuli, kwa muhuri gani, zinakwenda maabara gani. Ukibishana baada ya majibu kutoka, kila upande unabaki na majibu yake. Machi 2021 dozi milioni 1.02 za kwanza za chanjo ya Korona zilipofika, shaka ile ya zamani ilikuwa inazingoja mlangoni. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ikatangaza kuwa wasiochanjwa wasihudumiwe katika ofisi za umma kuanzia Desemba 21. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo. Nami naamini lilikuwa kosa, kwa sababu mtu aliyechanjwa ili apate huduma anatoka pale na shaka yake yote, na ataikumbuka wakati wa chanjo ijayo.

Mashariki mwa Kongo tumeona mwisho wa njia hii. Utafiti uliofanyika Beni na Butembo Septemba 2018 ulikuta mtu mmoja kati ya wanne haamini kwamba Ebola ipo, na walioamini viongozi wa eneo lao hawakufika theluthi. Desemba mwaka huo uchaguzi ukaahirishwa katika miji hiyo, Ebola ikitajwa kama sababu mojawapo. Siku iliyofuata waandamanaji wakavamia kituo cha kupokea wagonjwa Beni. Chanjo ilikuwepo, na ilifanya kazi. Mlipuko ule uliua zaidi ya watu 2,200.

Basi tufanye nini hapa Nairobi? Nina mambo machache, na hayahitaji mkopo.

Moja ni daftari la tetesi. Kila mhamasishaji anaandika uvumi aliousikia: tarehe, plot (ua la vyumba vya kupanga) au steji, na maneno yenyewe kama yalivyosemwa. Usitafsiri. "Klorini inaleta kipindupindu" na "klorini inanuka kama sumu" ni tetesi mbili, na majibu yake ni mawili. Kaskazini mwa Msumbiji wahudumu wameshambuliwa mara nyingi kwa sababu ya ile ya kwanza. Jibu lake haliwi bango. Mwite mwenye nyumba na akina mama wa plot, uchanganye mbele yao, na mmoja wao ndiye amimine. Chukua jiki, yaani dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, yenye nguvu ya asilimia 3.5 (soma lebo, zinatofautiana): kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji kinakupa asilimia 0.5 ya kusafisha sakafu na choo cha mgonjwa. Kwa kunawa mikono ni hafifu mara kumi, yaani mililita 285 hivi, kasoro kidogo ya chupa ya soda ya mililita 300, katika mtungi wa lita 20. Changanya upya kila siku na weka kivulini, kwa sababu jua hula klorini. Mtungi ulioachwa juani siku tatu unanuka kidogo lakini hauui kitu, na watu wakiugua huku wananawa, imani yao kwenu imekwisha. Usichanganye jiki na dawa nyingine ya kusafishia choo. Hewa yake inaunguza mapafu.

La pili ni malipo yenu. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji zaidi ya 100,000 wana mikoba yao ya vifaa vya kazi, na kila mmoja ana kaya takriban 100. Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Nusu moja ikichelewa, mhamasishaji anapunguza ziara, na anayekuja kubisha siku ya mlipuko anakuwa mgeni. Mlango hufunguliwa kwa mtu aliyempima mama presha mwezi uliopita. Maafisa wa kaunti mliopo hapa, hiyo nusu yenu ilipwe kwa tarehe inayojulikana.

La tatu, iandikwe sasa, wakati hakuna mgonjwa, kwamba atakayejitenga kwa amri ya serikali hatatozwa, na kwamba chakula, maji na kodi ya chumba vitashughulikiwa kwa siku zote atakazokaa ndani, ziwe 14 au 21. Iandikwe ikiwa na kifungu cha bajeti na jina la ofisi itakayolipa. Isomwe kwenye baraza za chifu, misikitini na makanisani, na nakala ibandikwe kwenye kila zahanati, ili mtu wetu wa Mukuru akishika simu aweze kupiga hesabu yake upya.

Nitapokea maswali sasa, na ningependa tuanze na wahamasishaji walioketi nyuma.